Siku Liévin Kunda Alipomwita Mkwe Wake kwa Jina

Mume wangu Liévin Kunda alifanya kazi ya mbao miaka thelathini na mmoja, na siku alipoacha kazi alikuwa na vidole kumi. Mnacheka. Nendeni basi mkawaulize maseremala wazee wa mji huu, wale wa enzi tulipouita Élisabethville, wawaonyeshe mikono. Huyu mtahesabu vinane, yule saba, na mwingine atautia mkono mfukoni aanze kuzungumzia mvua. Lakini wanaume waliofanya kazi na Liévin, tangu mwaka ule ninaotaka kuusimulia, walirudi kwa wake zao jioni na vidole walivyotoka navyo asubuhi. Watu wakinywa pombe husema alikuwa na dawa. Dawa gani? Alikuwa na mke, na mke mwenyewe ndiye mimi, Honorine, kwa hiyo kaeni niwaambie mambo yalivyokuwa.

Tulikaa mtaa wa Kenya. Kenya ya hapa kwetu, si ile nchi ya mbali. Baba yangu, tata Kalaba, alitoka Luapula, upande wa Kasenga, mtu wa ukoo wa Chui, mrefu, mkavu, mwenye maneno machache. Alikuwa fundi wa msumeno katika karakana moja ya mbao karibu na reli, ambako walitengeneza milango, madirisha, mabenchi ya shule na majeneza. Mwenye karakana alikuwa mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Bado, kwa sababu umwombe nini, alijibu “bado kwanza.” Kulikuwa na motere moja kubwa mwisho wa nyumba, na kutoka kwenye motere ile mikanda mirefu ya ngozi ilizungusha mashine zote. Mikanda yenyewe ilikuwa wazi. Kapita Aruna, msimamizi wa wafanyakazi, alikwisha kuomba miaka miwili izungushiwe masanduku ya mbao. Bado kwanza. Jamani, karakana imejaa mbao hadi kwenye dari, na mbao za kufunika mkanda hazipatikani! Mpaka leo nikikumbuka hasira inanipanda.

Liévin alikuja kufanya kazi pale akiwa kijana, akaniona nikimletea tata chakula, na mwaka elfu moja mia tisa arobaini na saba tukafunga ndoa kanisani. Padri alimaliza yake, lakini ya kwetu yalikuwa hayajamalizika. Kwetu mkwe haingii nyumbani kwa wakwe hivi hivi. Ni lazima siku moja wazazi wa mke wamwingize, yaani wampikie chakula kingi, wamfunulie sahani moja moja, ndipo mdomo wake unafunguliwa. Kabla ya siku hiyo hawezi kula mbele yao, hawezi kupaza sauti wakisikia, akikutana nao njiani anapisha majanini, na jina la baba mkwe halitamki hata akiota ndoto. Wengine wanaingizwa baada ya mwaka mmoja. Liévin alingoja miaka miwili na zaidi, maana tata hakuwa na haraka. Nasema kweli ya Mungu, tata alifurahia kuogopwa.

Sasa sikilizeni kosa lilipoanzia. Ubao mrefu unapasuliwa na watu wawili, mmoja anasukuma upande huu wa msumeno, mwenzake anapokea upande wa pili. Kapita Aruna alikuwa mtu wa Maniema, Mwislamu, mtu mzuri sana, lakini miiko yetu ya ukwe hakuijua vizuri. Aliona tata na Liévin hawagombani, hawapigi domo, hawaombi ruhusa ya kwenda kuvuta tumbaku pamoja, akawaweka kwenye msumeno mmoja. Bwana Bado akapita, akaona wawili wale wamenyamaza kimya, akawasifu mbele ya wengine wote. Wenzao wangeweza kumwambia Aruna ukweli, lakini nani angejitia katika mambo ya mtu na mkwe wake?

Watafanyaje kazi bila kusemezana? Walitafuta njia. Liévin alikuwa anagonga ubao kwa ngumi. Kugonga mara moja, sukuma. Kugonga mara mbili, simama. Tata alikuwa anasikia kule kugonga kwa viganja vyake, si kwa masikio, kwa sababu ya kelele za motere. Miezi mitano walifanya hivyo, na mimi nilijivunia nyumbani kwamba mume wangu ana heshima.

Mwezi wa sita mwaka arobaini na tisa kulikuwa na baridi kali, mnajua baridi yetu ya asubuhi. Tata alivaa koti lake kuukuu lenye mikono mirefu iliyochanika. Liévin, akiwa upande wake wa ubao, aliona uzi wa koti ukivutwa na mkanda. Halafu kipande cha nguo. Tata alikuwa anatazama msumeno, hakuona kitu. Liévin alifungua mdomo. Amwite nani? Jina halisemeki. “Tata” kwa kelele vile, kwa mtu ambaye hajamwingiza, ni tusi. Mdomo ukabaki wazi. Akagonga ubao mara mbili, haraka haraka kwa sababu ya woga, na tata akasikia pigo moja tu. Akasukuma, na mkanda ukauvuta mkono ndani.

Tata alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia, kile kidogo na jirani yake. Wakamfunga kwa gunia, wakampeleka hospitali.

Jioni ile ile mama yangu alikuja kwangu na kitenge kimefungwa kiunoni kwa nguvu, akaanza kukusanya vyombo vyangu. Mama yangu huyu, Mama Edith, hakuwa mtu wa kulia. Liévin alikuwa amekaa uani, mikono kichwani, na mama hakumtazama, maana miiko hata yeye ilimfunga. Alinisemesha mimi, lakini kwa sauti ya kumfikia.

“Ule muntu aliona,” alisema. “Aliona na macho yake, na akanyamaza. Muntu wa vile haiko mukwe. Weye unakuya kulala kwetu, paka siku tata yako atasema neno.”

“Mama, ni miiko ndiyo ilimufunga.”

“Miiko haikate vidole. Beba sufuria.”

Nilibeba sufuria. Nilimpenda Liévin, nasema wazi, sioni haya kwa umri huu, lakini siku ile nilimkasirikia kiasi kwamba sikumpa hata kwaheri. Kwa wazazi wangu nililala chumba kimoja na magunia ya mahindi, nikingoja neno la tata. Likiwa ndiyo, nitarudi kwa mume wangu. Likiwa hapana, ndoa imekufa, na padri atajua mwenyewe la kufanya. Na tata, pale hospitali, aligeukia ukuta. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, hata uji alikataa.

Siku ya sita akaja Mwaba kumwona. Mwaba alifanya kazi ya kupiga randa karakana ile ile, mtu mfupi, mnene, wa ukoo wa Mbuzi, na watu wa Mbuzi na watu wa Chui ni watani tangu zamani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya askofu na wewe hukasiriki. Mwaba akasimama mlangoni, mkono kiunoni, wagonjwa wote wanasikia.

“Weye Chui,” alisema, “sasa utakamata mbuzi na vidole tatu? Ah, mie na bandugu yangu tutalala muzuri. Na juu ya nini ulitia mukono mule ndani? Ulizani ni nyama?”

Mimi nilikuwa pale na bakuli la uji. Tata akageuka taratibu. Kisha akacheka, akacheka hadi akashika bandeji kwa maumivu, akamwambia Mwaba ananuka kama babu yake beberu. Na Mwaba, huku amekaa kitandani bila kukaribishwa, akamkamua maneno: koti lile ni la kufukuzia ndege shambani, si la kazini, na macho yake yameoza. Tata mwenye kuogopwa na mtaa mzima alikuwa anaitikia kwa kichwa. Halafu akaomba uji.

Nilitoka nje nikasimama ukutani, nikiwaza. Kama ni Mwaba aliyekuwa upande wa pili wa ubao siku ile, asingetafuta jina la heshima. Angepiga kelele, “Weye mujinga, toa mukono!” na tata angeutoa huku anacheka. Kumbe karakana nzima walikuwa wamewekwa vibaya. Wale wasioweza kusemezana ndio waliopewa kulindana.

Liévin, maskini, alikuwa anakuja bombani kila jioni na ndoo, mwanamume mzima kwenye mstari wa wanawake, ili anione tu. Wanawake walimcheka hadi wakachoka. Jioni ile nilisimama mbele yake, mgongo nimempa, kwa maana mama yangu alikuwa na macho kila kona.

“Sikia,” nilimwambia bila kugeuka. “Weka kila muntu na mutani wake. Mwaba na tata. Bengine vile vile. Mutani hana haya.”

Alisogeza ndoo yake mbele. “Na bale ba Maniema? Na bale banatoka Kongolo?”

“Uliza Aruna. Kila muntu iko na muntu wa kumutukana.”

Hiyo ndiyo dawa mnayoisikia. Lakini kutoa shauri ni rahisi, kulifanya ni kazi, na kazi aliifanya Liévin. Usiku na mchana aliwaza jambo hilo. Alimwendea kapita Aruna, akamweleza ukweli wote wa mkwe na miiko, hata wa kugonga ubao, na Aruna akavua kofia yake nyeupe akaikalia kwa huzuni, kwa sababu yeye ndiye aliyewaweka pamoja. Wakachukua ubao na chaki. Wanaume arobaini na wawili. Mbuzi na Chui. Mvua na Uyoga. Mkwe mbali na mkwe, mtoto mbali na baba yake, mdogo mbali na kaka mkubwa anayemwogopa. Waliokosa mtani wa ukoo waliulizwa, wewe unamcheka nani hapa? Wakawekwa naye. Mzee mmoja alisema hamcheki mtu yeyote, ikabidi wamtafutie shemeji.

Jumatatu walianza, na sauti ilifika hadi barabarani. “Weye Uyoga, kichwa kikubwa bure, vuta shati yako!” “Weye Mvua, unaangalia wapi, binti hapiti hapa!” Anayetukanwa anacheka, anavuta shati, kazi inaendelea. Mwezi wa saba ukapita. Wa nane. Wa tisa. Hakuna aliyepelekwa hospitali hata kwa ukucha. Mimi niliyasikia yote bombani, mgongo kwa mgongo, na hasira yangu kwa Liévin ikaisha kidogo kidogo, nikawa namkumbuka tu.

Bwana Bado, yeye, alisikia kelele peke yake. Akamwita Aruna akasema karakana yake si soko. Aruna akamwambia, bwana, miezi mitatu hakuna mtu aliyeumia. Mzungu akajibu kama kawaida yake, bado kwanza, tutaona. Ila amri haikungoja: kuanzia sasa, atakayepaza sauti kazini aende kwao asirudi.

Na wiki ile ile tata akarudi kazini. Mama alimkataza, mimi nilimkataza, yeye akasema kukaa uani na kuku kunamtia wazimu. Mama akanivuta pembeni. Alisema Krismasi ikipita kabla tata hajasema neno, yeye mwenyewe atakwenda kwa watu wa Liévin kumaliza ndoa. Nilihesabu wiki kumi.

Aruna alimpa tata kazi nyepesi, kupaka mikanda mafuta kwa kitambaa, na akamweka Mwaba karibu kumwangalia. Lakini vidole vitatu havishiki kitambaa vizuri, na tata alikuwa na kiburi. Hakutaka mtu aone kitambaa kinamponyoka. Kwa hiyo alikizungusha mkononi, akakifunga fundo. Siku tatu Mwaba alimtukana kwa kunong’ona, na kila mara tata alikifungua, Mwaba akigeuka tu tata akakifunga tena.

Siku ya nne Mwaba hakuwepo. Kulikuwa na msiba wa mtu wa Chui mtaani, na watani ndio wanaochimba kaburi. Hayo yaliyofuata Aruna alinisimulia mwenyewe, na Aruna hakuwa mtu wa kuongeza chumvi. Tata alikuwa anapaka mkanda wa msumeno. Bwana Bado akaingia na kofia yake, na tata, mtu wa adabu, akageuza kichwa amsalimu. Ncha ya kitambaa ikanaswa pale mkanda unapoingia kwenye gurudumu. Ikaanza kuvutwa. Hatua nane kutoka pale, Liévin alikuwa amebeba ubao begani, na akaona.

Mzungu amesimama pale pale na amri yake ya kimya. Baba mkwe ambaye hajamwingiza. Mama mkwe anayehesabu wiki. Liévin aliutupa ubao chini.

“Kalaba!” alipiga kelele. “Kalaba, mujinga weye, vuta mukono!”

Aruna alisema motere ilikuwa inanguruma lakini kila mtu alisikia jina lile. Tata alishtuka, kama wewe ungesikia mtoto wako anakuita kwa jina lako tupu. Akaruka nyuma kwa mwili mzima. Fundo lilikuwa limefungwa na mtu wa vidole vitatu, halikuwa na nguvu, likafunguka. Kitambaa kikapita kwenye gurudumu, kikapanda hadi darini na mkanda, kikaanguka vipande vipande mbele ya viatu vya Bwana Bado. Fundi wa motere akazima. Katika ukimya ule wote walimwona Kalaba akiutazama mkono wake, akikunja kidole kimoja, cha pili, cha tatu.

Bwana Bado aliokota kipande cha kitambaa. Alikiangalia muda mrefu. Alimwangalia Liévin, akamwangalia tata, na uso wake ukawa mwekundu, lakini hakumfukuza mtu. Alitoka. Kesho yake asubuhi alimwita Aruna akamuuliza anahitaji mbao ngapi kufunika mikanda, na Jumamosi ile mikanda yote ilikuwa ndani ya masanduku. Amri ya kimya hakuifuta kamwe, ila hakuna aliyeisikia tena, na watani waliendelea kutukanana mbele yake miaka yote.

Mimi mzungu hakunihusu. Mimi nilingoja nyumbani, na habari ilifika kabla ya tata. Mama alikuwa amesimama katikati ya uani.

“Alikuita sawa mbwa,” alimwambia tata hata kabla hajaketi. “Jina tupu, mbele ya bantu yote. Na mujinga juu yake. Atalipa kuku ya kosa lake, na halafu tunamaliza ile ndoa.”

Tata aliketi. Hakujibu usiku ule, wala kesho yake, wala kesho kutwa. Jumamosi alitoka sokoni na kuku wawili wamefungwa miguu, akawaweka mbele ya mama.

“Pika,” alisema.

“Ya nani?”

“Ya mukwe. Kesho namuingiza.”

“Ni yeye ndiye wa kulipa!”

“Mama Edith,” tata alisema, na sikuwahi kusikia akitumia sauti ile laini, “mie ndiye nilimufunga mudomo. Miaka mbili nilimuacha inje, juu napenda bantu baniogope. Kama nilimuingiza zamani, leo niko na vidole kumi. Mie ndiye nalipa.”

Mama alisimama na kisu mkononi. Kisha akachinja, akaketi chini akanyonyoa wa kwanza, akanyonyoa na wa pili.

Jumapili baada ya misa Liévin alikuja na kaka yake, amevaa suti ya arusi, jasho linamtiririka. Walimketisha kwenye mkeka. Mama akaleta bukari, ule ugali wetu, na kuku, na sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa Luapula na maharagwe, akafunua sahani moja moja mbele yake, uso ameugeuza pembeni, na mwisho akaugeuza akamtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu nilipoolewa. Mwaba alikuwepo, bila kualikwa, akisema chui wamechanganyikiwa siku hizi, wanawapa watu kuku badala ya kuwaiba.

Tata akaketi kwenye mkeka ule ule, goti kwa goti na mkwe wake. Akamega tonge la kwanza kwa ule mkono wa vidole vitatu, akalichovya kwenye mchuzi, akamwekea Liévin mdomoni. Liévin alitafuna huku machozi yanamwagika, na hakuna aliyemcheka, hata Mwaba.

“Kula,” tata alisema. “Na kesho ukiniona najitia ujinga tena, niite vile vile.”

“Ndiyo, ba Kalaba,” Liévin alijibu, na ile “ba” ya heshima mbele.

“Hapana. Vile vile.”

“Kalaba,” Liévin alisema.

Mama akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni. “Na weye Honorine,” alisema, “unangojea nini?”

Sikuwa nangojea kitu. Mzigo wangu ulikuwa umefungwa tangu alfajiri, na sufuria ilikuwa juu yake.